Mfinyanzi Asile Gaeni: Uvuvi wa Nzi Si Mchezo wa Matajiri Pekee

Katika karakana za Nairobi na miji mingine ya Kenya, wapo mafundi, wengi wao wanawake, wanaoketi kutwa mbele ya jiliwa ndogo wakifunga manyoya, sufu na nyuzi kwenye ndoana isiyozidi ukucha. Wanachotengeneza ni nzi bandia, chambo cha kumhadaa samaki aamini ameona mdudu. Kenya ni mojawapo ya nchi zinazofunga nzi hao kwa mkono kwa wingi, na wengi wao husafirishwa hadi Uingereza, nchi nyingine za Ulaya na Marekani. Huko hununuliwa na wavuvi ambao pengine hawajui kwamba nzi waliomo kofiani mwao walifungwa na mama wa Kiafrika.

Sasa muulize kijana wa Othaya, Kangema au Kerugoya, ambaye mto wenye samaki aina ya trauti unapita karibu na shamba la babu yake, iwapo amewahi kurusha nzi majini. Aghalabu atakuambia kwamba huo ni mchezo wa Wazungu, au wa mawakili na wakurugenzi wenye magari makubwa. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Anayefinyanga vyungu vya kijiji kizima hula kwenye kigae. Sisi tumefika mahali ambapo nzi tunawafunga, mito tunayo, ila uvuvi wenyewe tumewaachia wageni na wenye nacho.

Hoja yangu ni kwamba uvuvi wa nzi si ghali kwa asili yake. Umefanywa ghali na maduka, vilabu na mazoea. Mtu mwenye kipato cha kawaida anaweza kuuanza kwa vifaa vichache, vingine vya kujitengenezea, akavua vizuri. Naamini pia kwamba tunapaswa kuuanza, kwa sababu mto usiokuwa na watu wanaoupenda hauna wa kuutetea.

Tuanze na maana ya uvuvi wenyewe, kwa kuwa gharama zake haziwezi kueleweka bila kuelewa unavyofanya kazi. Mvuvi wa mshipi wa kawaida, awe kule Lamu au ufukweni Mwanza, hutegemea uzito wa chambo au chubwi kuupeleka mshipi mbali. Nzi bandia hana uzito wa kutosha kwa kazi hiyo. Ukijaribu kumrusha peke yake ataanguka miguuni pako. Kwa hiyo mvuvi wa nzi hurusha mshipi wenyewe. Mshipi huo hutengenezwa ukiwa mnene na mzito kiasi, nao ndio unaombeba nzi. Mbele yake hufungwa uzi wa nailoni unaozidi kuwa mwembamba, ili samaki asione kilichomshikilia mdudu. Fimbo hufanya kazi ya chemchemi, yaani hupinda, hukusanya nguvu, kisha huusukuma mshipi hewani. Hiyo ndiyo siri yote ya ufundi huu, na hakuna ndani yake kinachodai utajiri.

Historia nayo inathibitisha. Mojawapo ya maelezo ya kale zaidi ya uvuvi huu tuliyo nayo yaliandikwa na Mroma Claudius Aelianus yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyovingirisha sufu nyekundu kwenye ndoana, wakaongeza manyoya mawili ya jogoo, wakavua samaki wa mtoni. Fimbo yao ilikuwa na urefu wa futi sita, na mshipi wao futi sita. Hakuna gurudumu la kukunjia mshipi lililotajwa, wala joho maalumu la kuvulia. Walikuwa wenyeji wa bonde lao waliochunguza samaki wanakula nini, wakakiiga kwa kile kilichokuwa nyumbani mwao.

Huko Japani, katika vijito vya milimani, wavuvi walioishi kwa kuuza samaki walikuza namna yao iitwayo tenkara. Fimbo ndefu ya mwanzi, mshipi uliofungwa moja kwa moja kwenye ncha yake, nzi mmoja, basi. Namna hiyo ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 2009 kupitia kampuni ya Daniel Galhardo, wengi walishangaa kwamba samaki wanavuliwa bila gurudumu. Mwaka 2014 Yvon Chouinard, mwasisi wa kampuni ya mavazi ya Patagonia, pamoja na Craig Mathews na Mauro Mazzo, walitoa kitabu kizima, Simple Fly Fishing, wakiitetea njia hiyo ya vifaa vichache. Chouinard ni mtu mwenye uwezo wa kununua fimbo yoyote duniani, naye anawahimiza watu wapunguze vifaa na waongeze maarifa.

Kwa nini basi kwetu uvuvi huu ulipata sura ya kitajiri? Jibu liko katika namna ulivyoingia. Trauti si samaki wa asili wa mito yetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule mlowezi aliyejulikana kwa safari yake ya miguu kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo, alihusika kuleta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Scotland, na samaki wakapandikizwa katika Mto Gura kwenye safu ya Aberdare. Baadaye trauti wa upinde wa mvua walifuata. Mnamo 1948 serikali ya kikoloni ilijenga kituo cha kuzalisha trauti Kiganjo, karibu na Nyeri. Samaki hao waliletwa kwa ajili ya burudani ya walowezi, na desturi za mchezo zikaletwa pamoja nao: klabu, leseni, nyumba za wageni, na dhana kwamba Mwafrika mtoni ni mbeba mzigo au mwongoza njia.

Walowezi wengi waliondoka ila dhana ikabaki. Hadi leo picha inayotumika kuuza uvuvi huu Afrika Mashariki ni ya mgeni aliyeshuka kutoka kwenye ndege ndogo. Nchini Tanzania, mito Mnyera na Ruhudji katika bonde la Kilombero inasifika duniani kote kwa samaki wakali wenye meno kama misumari wanaovuliwa kwa nzi, na wanaofika huko hulipa fedha nyingi mno. Sina ugomvi na wageni hao. Fedha zao husaidia kuyalinda maeneo hayo. Kosa ni kudhani kwamba mlango wao ndio mlango pekee.

Sasa tuje kwenye mfuko. Ukiingia katika maduka ya nje kwa njia ya mtandao utakutana na fimbo moja inayouzwa zaidi ya dola 1,000. Usishtuke, na usiikaribie. Wakati huohuo zipo seti za wanaoanza, zenye fimbo, gurudumu na mshipi, zisizofika dola 100 kabla ya usafirishaji na ushuru. Na zipo njia za chini zaidi ya hapo. La muhimu ni kujua utaratibu wa kutumia fedha chache ulizo nazo.

Utaratibu ninaoutetea ni huu: mshipi kwanza, fimbo pili, gurudumu mwisho. Wanaoanza wengi hufanya kinyume. Huvutiwa na gurudumu linalong'aa, kisha hubakiwa na visenti vya kununua mshipi wa ovyo usiorushika. Kwa trauti wa vijito vyetu, ambao wengi si wakubwa, gurudumu ni mahali pa kuhifadhia mshipi tu. Samaki huvutwa kwa mkono. La bei ya chini kabisa, mradi linazunguka, linatosha. Fimbo ya kati, ya futi nane au tisa, iliyoandikwa namba 4 au 5, itakufaa mtoni na bwawani. Mshipi uwe wa namba ileile ya fimbo, unaoelea, kwa sababu fimbo na mshipi visivyolingana humchosha hata fundi. Ukinunua vilivyotumika, ukunjue mshipi wote na uupitishe vidoleni. Ukiwa na mipasuko, punguza bei au uache. Kagua pia maungio ya fimbo na vile vipete mshipi unamopita. Kipete kilichochimbika kitaukata mshipi wako mpya.

Ikiwa hata hicho hakipatikani, fuata njia ya Makedonia na Japani. Tafuta mwanzi mwembamba, mwepesi, wa mita tatu hadi nne, uliokaushwa kivulini hadi ukawa mkavu kabisa. Ununue kwa mkulima aliyeupanda, kwa maana mianzi ya msitu wa hifadhi si ya kukata kiholela. Funga kitanzi cha uzi imara kwenye ncha. Unganisha mshipi wa nailoni mnene kiasi wenye urefu karibu sawa na fimbo, kisha malizia na nailoni nyembamba ya mita moja hivi. Mwishoni funga nzi. Kwa kijito chembamba chenye vichaka pande zote, kama vilivyo vingi kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mwanzi huo unaweza kukufaa kuliko fimbo ya dola 1,000, kwa kuwa huko hakuna nafasi ya kurusha mbali na samaki yuko hatua chache mbele yako.

Watoto wetu hawakusubiri mpira wa ngozi ndipo waanze kandanda. Walifunga makaratasi kwa kamba, wakacheza, na baadhi yao wakafika timu ya taifa. Uvuvi wa nzi unastahili kuingia vijijini kwa mlango huohuo.

Vitu vingine ni vidogo. Koleo ndogo ya kuchomolea ndoana. Mkasi. Kofia ya ukingo na miwani, ambayo si mapambo, kwani nzi anayerudi na upepo anaweza kukutoboa jicho. Kopo la plastiki la kuwekea nzi, lenye kipande cha sponji ndani. Suruali za mpira za kuingilia majini si lazima. Suruali ya kukauka haraka na viatu vya kamba vyenye soli inayoshika mawe vinatosha, na vyote utavipata katika mitumba ya Gikomba au soko lolote la mji wako. Chagua nguo za kijani kibichi kilichofifia au kahawia. Shati jeupe huwafukuza samaki kabla hujafika ukingoni.

Baada ya vifaa, jifunze kurusha, na somo hili ni la bure. Nenda uwanja wa shule au wa kanisa, mahali penye nyasi, ukafunge kipande cha sufu mahali pa nzi, bila ndoana. Inua fimbo mbele yako, ipeleke nyuma kwa kasi inayoongezeka, kisha isimamishe ghafla ikiwa imevuka bega kidogo. Hapo ndipo wengi huharibu. Lazima ungoje kitambo mshipi unyooke nyuma yako. Ukiharakisha, mshipi hulia kama mjeledi na nzi hukatika. Ukichelewa mno, mshipi huanguka nyasini. Ukishanyooka, peleka fimbo mbele na uisimamishe tena. Geuza shingo utazame nyuma, hakuna aibu. Mazoezi mafupi ya kila jioni yana faida kuliko siku nzima ya kuchoka. Na usitafute umbali. Trauti wengi wa vijito vyetu huvuliwa ndani ya mita kumi.

Kisha jifunze mafundo matatu: la kuunganisha nailoni mbili, la kufungia nzi, na la kitanzi. Lowesha kila fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu nailoni kavu huungua kwa msuguano ikapoteza nguvu. Ule uzi wa mbele unaouzwa kwa bei kubwa utaweza kujiundia mwenyewe kwa kuunganisha vipande vya nailoni vya unene unaopungua. Takriban theluthi mbili za mwanzo ziwe nene, sehemu inayofuata ya kati, na mwisho nyembamba kabisa.

Na sasa nzi wenyewe, ambao ndio moyo wa makala hii. Watu huamini kwamba kufunga nzi kunahitaji sanduku la manyoya ya ndege wa mabara yote. Frank Sawyer alionyesha vingine. Sawyer hakuwa bwanyenye. Alikuwa mlinzi wa mto, mwajiriwa, aliyetumia maisha yake kando ya Mto Avon wa juu katika jimbo la Wiltshire nchini Uingereza, akichunguza mabuu wa majini wanavyoogelea na samaki wanavyowala. Nzi wake aliyeenea dunia nzima, Pheasant Tail, ana vitu viwili tu juu ya ndoana: nyuzi za unyoya wa mkia wa ndege aitwaye fezanti, na waya mwembamba wa shaba. Hakutumia hata uzi wa kushonea. Waya uleule ulifunga unyoya na ukampa nzi uzito wa kuzama. Nzi wake mwingine, Killer Bug, alikuwa waya na sufu ya kutililia soksi.

Nchi yenye kuku kila boma haiwezi kulalamika kwamba haina vifaa. Manyoya ya shingo ya jogoo hufanya miguu na mabawa ya nzi anayeelea. Manyoya ya kanga, yenye madoadoa yake, yanafaa kwa mikia na miguu ya mabuu. Sungura wa kufugwa hutoa manyoya laini ya kiwiliwili, kondoo hutoa sufu, na mota iliyoharibika hutoa waya wa shaba. Jiliwa ndogo ndiyo ya kununua, au fundi wa jua kali akutengenezee. Ndoana za namba 12 na 14 zitakutosha kwa muda mrefu. Tumia vya kuku na mifugo wa nyumbani, wala usiguse ndege wa porini. Sheria inakataza na dhamiri pia.

Anza na aina tatu: mmoja anayeelea, mmoja wa kahawia anayezama, na mmoja mweusi mwenye mkia laini anayevutwa majini kama kisamaki kidogo. Ukiwajua hao watatu vizuri, utavua kuliko mwenye kopo la aina hamsini asiyejua atoe yupi.

Ujuzi unaobaki ni wa kuusoma mto. Trauti hukaa akitazama maji yanakotoka, kwa sababu ndiko chakula kinakotoka. Hapendi kupigana na mkondo, kwa hiyo hujibanza nyuma ya jiwe, chini ya ukingo uliolika, au kwenye mpaka wa maji ya kasi na maji tulivu. Mwendee kutoka upande wa chini, ukiwa umeinama, kivuli chako kisimtangulie. Mdondoshe nzi juu ya alipo na umwache achukuliwe na maji kwa mwendo wa maji yenyewe. Nzi anayeburutwa na mshipi akavuka mkondo humshtua samaki, kwa kuwa hakuna mdudu anayeogelea hivyo. Kabla ya kurusha chochote, geuza jiwe moja au mawili majini uone wadudu gani wamo na wana rangi gani, kisha uyarudishe kama yalivyokuwa. Haya yote hayauzwi dukani. Anayeishi karibu na mto, anayeuona asubuhi na jioni, masika na kiangazi, ana mtaji ambao mgeni wa siku mbili hawezi kuununua.

Mito ya kuanzia ipo. Upande wa Aberdare kuna Gura, Chania na Mathioya. Upande wa Mlima Kenya kuna Thego, Sagana, Naro Moru, Burguret na Thiba. Tafuta sehemu za juu, karibu na msitu, ambako maji ni baridi na yana hewa ya kutosha. Maji yakikaa juu ya nyuzi 20 za joto, trauti hutaabika. Asiye na mto wa trauti asikate tamaa. Ziwa Naivasha lina besi wa Kimarekani waliopandikizwa enzi za ukoloni, nao humkamata nzi kwa hasira, ila vua ukiwa na mwenyeji anayejua viboko walipo. Mabwawa ya vijijini yana perege, ambao hukubali nzi mdogo anayezama polepole na ni walimu wazuri wa mwanafunzi. Pwani nayo ina kolekole na wenzake, lakini huko vifaa vinapaswa kuwa imara zaidi na chumvi huvila upesi, kwa hiyo mwenye mfuko mwepesi aanze na maji baridi.

Sheria isipuuzwe. Uvuvi wa burudani unahitaji leseni, na mito iliyo ndani ya mbuga za taifa iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, lenye ada na masharti yake. Ulizia katika ofisi ya uvuvi ya kaunti yako kabla ya kwenda. Uliza mto upi umefunguliwa, samaki wa ukubwa gani wanaruhusiwa kuchukuliwa, na wangapi kwa siku. Katika msitu kuna nyati na ndovu. Usiende peke yako, na pale askari wa wanyamapori anapohitajika, mchukue.

Najua mapingamizi yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba mtu mwenye njaa hana muda wa kuvua kwa burudani. Ni kweli, lakini simwandikii anayetafuta mlo wa leo. Namwandikia mwalimu, bodaboda, muuguzi na mwanafunzi ambao wikendi zao huliwa na baa, kamari za simu na skrini. Zaidi ya hayo trauti ni kitoweo kizuri, na panaporuhusiwa kumchukua mmoja au wawili, familia itakula. Anayetaka kuwarudisha majini avunje kijino cha ndoana kwa koleo, aloweshe mikono kabla ya kumgusa samaki, na asimtoe majini kwa muda mrefu.

La pili lina uzito zaidi. Trauti ni mgeni, tena mlaji wa viumbe wengine, kwa nini tumshangilie? Sisemi apelekwe katika mto mpya hata mmoja. Kumpandikiza penye samaki wa asili ni kosa, na asiyekuwa mtaalamu asithubutu. Lakini mahali alipo tayari, baada ya zaidi ya karne moja, ana faida moja kubwa: hakubali uchafu. Mto ukichafuliwa kwa dawa za shambani, ukichimbwa mchanga, ukinyang'anywa miti ya kivuli, trauti ni miongoni mwa wa kwanza kutoweka. Kijiji chenye wavuvi wa nzi kina watu wanaojua hali ya mto wao wiki kwa wiki, nao watapiga kelele mapema.

Na kelele hizo tunazihitaji. Maji ya Aberdare hujaza bwawa la Ndakaini linalonywesha Nairobi. Maji ya Aberdare na Mlima Kenya huingia Mto Tana na kuzungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Tumezoea kuwaachia wanasayansi na askari kazi ya kulinda vyanzo hivyo, ilhali ulinzi wa kudumu hutoka kwa jirani wa mto anayeona hasara yake binafsi mto unapokufa.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Katiba ya 2010 iliweka uvuvi miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kaunti za Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Nyandarua, Laikipia na Meru zitenge leseni ya siku moja ya bei nafuu kwa wakazi na wanafunzi, ilipike kwa simu, na masharti yake yaandikwe kwa Kiswahili na lugha za wenyeji kwenye vibao vya madarajani. Kampuni zinazofunga nzi kwa ajili ya soko la nje zizipe shule za karibu na mito nzi wenye dosari ndogo wasiouzika, na ziwaruhusu mafundi wao wafundishe kufunga nzi mara moja kwa mwezi. Mafundi hao ni wataalamu wa kiwango cha dunia na wanastahili kuitwa walimu. Na wale wenye klabu na vifaa vya ziada kabatini waviazimishe. Fimbo isiyotumika kwa miaka haimfaidi mtu.

Kwako msomaji, usingoje maombi hayo yajibiwe. Mwezi huu tafuta mwanzi mkavu, nailoni ya aina mbili na ndoana chache. Jioni funga nzi wako wa kwanza kwa waya wa shaba na unyoya wa jogoo, Jumamosi ufanye mazoezi uwanjani, kisha uende ofisi ya uvuvi kuulizia leseni. Mpeleke na mtoto. Mito hii ni mali ya umma, na umma haujakatazwa kuivua. Haujaanza tu.